Tawi Lililofunga Njia

Katika kijiji cha Oltepesi, upande wa magharibi wa Mlima Meru, jua huchelewa kufika kwa sababu lazima kwanza lipande mgongo wa mlima. Lilipofika, kila siku lilimkuta Silantoi ameshamaliza kazi ya vibuyu. Alikuwa akichukua kijinga cha mti wa mloliondo, akakitia ndani ya kibuyu kikiwa bado na kaa jekundu, akasugua huku na huku mpaka moshi utoke mdomoni mwa kibuyu, kisha akakung'uta majivu. Maziwa yaliyowekwa humo yalinukia vizuri na hayakuharibika upesi. Aliyemfundisha ni Koko, ndivyo alivyomwita bibi yake, na Koko hakuwa mwepesi wa kusifu. Kibuyu kikisafishwa vibaya alikirudisha kimya kimya, na kimya chake kiliuma kuliko kofi.

Silantoi alikuwa na miaka kumi na miwili na alisoma darasa la sita. Wakati wa likizo alichunga mbuzi wa nyumbani kwenye mteremko wa miloliondo, juu ya boma lao. Ardhi hiyo ilikuwa ya ukoo, na babu yake alizikwa upande wake wa chini, penye mawe matatu. Ukisimama pale juu unaiona tambarare yote hadi milima ya Monduli, na vumbi la ng'ombe wa watu likitembea polepole mbali huko. Silantoi hakuwahi kusimama kuyatazama hayo. Kwake mteremko ulikuwa mahali penye majani mazuri, basi.

Ndiyo maana alishangaa baba yake, Lesian, alipotangaza kwamba Jumamosi wangekuja wageni kutoka mjini Arusha. Wangetembea mteremkoni, wangetazama vibuyu vinavyofukizwa, wangekula loshoro, yale mahindi yanayopikwa na maziwa ya mgando, na kusikiliza nyimbo za kina mama. Baba alisema hayo kwa furaha kama mtu anayetarajia harusi. Silantoi alikunja uso. Mtu na akili zake aache mji wenye taa na maduka, aje kutazama majani na mbuzi? Hapana, hapo palikuwa na jambo.

Mwenye mpango huo alikuwa kijana mmoja aitwaye Abdiel. Kwao ni Marangu lakini aliishi Sakina, huko huko mjini, na kazi yake ilikuwa kutembeza wageni. Alikuja Jumatatu akiwa na kofia nyeupe, daftari na mkoba mgongoni, na baba akampokea kama shemeji. Watoto wa Oltepesi humsalimia mtu mzima kwa kuinamisha kichwa ili awaguse utosini. Silantoi alisema "Shikamoo" akiwa ng'ambo ya jiko, kisha akaondoka kwenda kumtafuta mbuzi ambaye hakuwa amepotea. Kabla hajafika mbali aligeuka, akamwona baba akiandika jina lake mwenyewe kwenye karatasi ya Abdiel. Moyo wake ulishtuka.

Kesho yake, akiwa mteremkoni na mbuzi, alimwona Abdiel akipanda peke yake. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza, akihesabu hatua. Kila baada ya kitambo alisimama, akaandika kitu daftarini, akatoa utepe mwekundu mkobani na kuufunga kwenye tawi. Hapo machale yakamcheza Silantoi sawasawa.

Alikuwa na sababu. Mwaka uliopita watu wawili wasiojulikana walikuja kwenye ardhi ya kina Simaloi, rafiki yake, wakahesabu hatua na kufunga tepe nyekundu vilevile. Walisema wanapima barabara. Barabara haikuja. Kilichokuja ni uzio wa waya, na mpaka leo mbuzi wa kina Simaloi huzunguka mbali kwenda kunywa maji. Silantoi alifikiria mawe matatu ya babu yake yakiwa ndani ya uzio wa mtu mwingine.

Alipiga moyo konde, akashuka mpaka alipokuwa Abdiel.

"Unafanya nini hapa, anko?"

"Nahesabu hatua, mdogo wangu," Abdiel akajibu akitabasamu. "Wageni wengine ni watu wazima. Nataka nijue watatembea kiasi gani."

"Na hizo tepe?"

"Ili wasipotee."

Jibu lilikuwa laini mno kwa masikio ya Silantoi. Nani apotee Oltepesi, mahali ambapo hata mwanambuzi hurudi nyumbani bila kuitwa? Alimtazama kwa jicho la pembeni mpaka akatokomea bondeni, na tangu saa ile kila alichofanya Abdiel kikawa ushahidi. Akicheka na baba, alikuwa anamlainisha. Akisifu maziwa ya Koko, alikuwa anamzubaisha. Hata siku alipomtengenezea Koko mlango wa zizi uliokuwa unalegalega, Silantoi alijiambia kwamba wezi wa mchana nao huwa na adabu.

Alimsimulia Simaloi, naye Simaloi akamshauri amuulize baba yake waziwazi. Silantoi alikataa. Kama baba amekwisha kuandika jina, alisema, atakubalije kwamba amedanganywa? Ukweli ni kwamba aliogopa. Aliogopa baba akimwambia ndiyo, ardhi imeuzwa. Basi akaona heri asiulize.

Alhamisi mchana alifanya alichokuwa amekikusudia. Abdiel alikuwa amerudi mjini. Tepe zilikuwa kumi na tisa. Silantoi alianzia juu kabisa, akazifungua moja baada ya nyingine huku mbuzi wakimtazama. Alizifungua kumi na sita. Tatu za mwanzo, zilizokuwa karibu na boma, aliziacha kwa sababu baba alikuwa pale pale akiziba ua wa mbuzi.

Baada ya utepe wa tatu njia inagawanyika. Ya kulia hupanda kwenye miloliondo. Ya kushoto ni pana zaidi, lakini huenda kwenye korongo, ambako kingo zilibomoka wakati wa masika. Silantoi alisimama hapo penye njia panda akifikiri. Kisha akakata tawi lenye majani mabichi, akalilaza katikati ya njia ya kulia.

Katika nchi ya wachungaji tawi kama hilo ni neno kamili. Linasema usipite, mbele kuna hatari. Pengine kuna chui, pengine shimo, pengine mzoga wa ng'ombe aliyekufa kwa kimeta. Hakuna mtu anayelivuka, na hakuna anayeliweka kwa mchezo, kwa sababu siku likiwekwa kwa mchezo watu wataacha kuliamini, na siku hiyo mtu atakufa. Silantoi alilijua hilo tangu alipoanza kutembea, na bado aliliweka. Alijisemea kwamba hao wanunuzi wa ardhi wakija watakuta mteremko umefungwa. Tepe alizificha ndani ya kibuyu kikuukuu kilichopasuka, akarudi nyumbani akijitia hamnazo.

Jumamosi wageni wakafika, sita pamoja na Abdiel saba. Silantoi alikuwa ametarajia wanaume wenye suti na kamba za kupimia. Waliokuja walikuwa kina mama wanne wenye miavuli, mzee mmoja na mtoto wa kike. Mzee huyo aliitwa Mwalimu Elihuruma, mstaafu kutoka Lemara, na mtoto alikuwa mjukuu wake, Aika, mwenye miaka kumi. Mwalimu aliwashangaza wote. Alimsalimia Koko kwa Kimaasai safi, akawagusa watoto utosini mmoja mmoja, kisha akaeleza kwamba alifundisha Monduli miaka ishirini. Zamu ya Silantoi ilipofika, alikuwa ameshajificha nyuma ya mtungi wa maji.

Lakini Koko alimwita amwonyeshe Aika kazi ya vibuyu, na hapo hapakuwa na pa kujificha. Aika alikishika kijinga kwa ncha za vidole, akakidondosha, moshi ukamwingia machoni. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, kisha akajicheka mwenyewe. Alijaribu tena na tena mpaka Koko akanusa kibuyu chake na kukiweka upande wa vilivyo sawa. Silantoi alijikuta anatabasamu bila ruhusa yake mwenyewe.

"Kwa hiyo wewe unaamka na huu mlima kila siku?" Aika alimuuliza.

Kwa mara ya kwanza Silantoi aliingiwa na wazo kwamba huenda watu hawa wamekuja kweli kutazama. Akalifukuza haraka. Labda ndio ujanja wenyewe, kuja na mtoto ili watu wasishuku.

Baada ya chai ikawa saa ya kutembea. Walikuwa hata hawajatoka bomani, kiatu cha mmoja wa kina mama, Mama Violet, kikakatika mkanda, na Abdiel akachuchumaa kukishona kwa kamba. Mwalimu na Aika walikuwa wameshasimama, hawana subira.

"Tangulieni polepole, Mwalimu," Abdiel akasema. "Fuateni tepe nyekundu tu. Nitawakuta kwenye miloliondo."

Silantoi alikuwa hatua tatu kutoka pale, ameshika jagi la maji. Angeweza kusema. Neno lilifika kwenye ulimi, likakauka. Alimtazama Aika akirukaruka mbele ya babu yake mpaka wakapita ua wa mbuzi, naye akaendelea kumimina maji kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa.

Haikupita nusu saa ukungu ukateremka kutoka mlimani, kama unavyofanya mara nyingi mwezi wa sita. Kwanza miloliondo ilitoweka, kisha ua wa mbuzi, kisha hata kuku uani. Abdiel alisimama na kiatu cha Mama Violet mkononi, uso umembadilika. Alijaribu kupiga simu ya Mwalimu. Simu ikaita ndani ya mkoba wa mzee, uliokuwa umeachwa pale pale kwenye kigoda.

Baba alijaribu kumtuliza. Alisema Mwalimu ana akili, atakuwa amezifuata tepe mpaka penye mawe ya kukalia, karibu na kilele cha mteremko, na amekaa hapo na mtoto akisubiri. Walikubaliana wapande moja kwa moja huko juu, na wakaanza kutafuta fimbo na makoti.

Mwanzoni Silantoi alijipa moyo kwamba mgeni asiyejua kitu angeliruka lile tawi na kuendelea kupanda. Halafu akakumbuka salamu za Kimaasai, na mkono wa Mwalimu juu ya vichwa vya watoto. Mtu aliyekaa Monduli miaka ishirini hawezi kulivuka tawi. Angegeuka. Na akigeuka pale, njia iliyobaki ni moja tu, ya kwenda korongoni.

Akinyamaza, baba na Abdiel wangekimbilia juu, na Aika yuko chini. Akisema, kila mtu pale, Koko akiwa wa kwanza, atajua alichofanya. Alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, basi akaenda akasimama mbele ya baba yake.

"Baba, hawako juu."

"Umejuaje?"

"Tepe nilizitoa. Zimebaki tatu tu. Na nikaweka tawi penye njia panda, kwenye njia ya kulia. Watakuwa wameenda korongoni."

Abdiel alimkodolea macho kama mtu aliyeambiwa kwa lugha asiyoijua. Koko aliweka kibuyu chini taratibu.

"Umeweka tawi?" akauliza. Ilikuwa kana kwamba habari ya tepe hakuisikia kabisa.

"Ndiyo, Koko."

Baba hakumchapa wala hakumkaripia. Alichukua fimbo yake akasema, "Tangulia," na Silantoi akatangulia mbio.

Ndani ya ukungu mtu aliiona mikono yake tu. Silantoi aliijua njia kwa nyayo. Walipita tepe tatu zikining'inia kwa aibu, wakafika penye tawi, wakashika njia ya kushoto. Abdiel alikuwa akiita kwa nguvu, "Mwalimu! Aika!" lakini sauti ilirudi kutoka kila upande. Baba akamwomba anyamaze. Akamwambia Silantoi apige mluzi ule wa kuita mbuzi, maana mluzi hupenya. Silantoi alipiga. Mluzi wa kwanza ulitoka mbovu. Akapiga tena. Wakasikiliza.

Kutoka chini, kushoto kwao, sauti ya mzee iliitika kwa Kimaasai.

Waliwakuta wamekaa chini, Mwalimu amemfunika Aika kwa koti lake. Goti la mtoto lilikuwa limechubuka na mguu mmoja haukuwa na kiatu. Hatua kama nane mbele yao ardhi ilikuwa imekatika. Kiatu kilitumbukia huko, na Aika angekifuata kama babu yake asingemdaka mkono. Baada ya hapo Mwalimu aliamua kutonyanyua mguu mpaka mtu aje. Kifundo chake kilikuwa kimevimba.

"Tuliona tawi tukageuka," alimweleza baba huku wakimnyanyua. "Nilimwambia Aika, mtu aliyeliweka hatujui, lakini anatupenda. Anatukinga na jambo."

Silantoi aliyasikia hayo akiwa nyuma yao. Alilia pale pale, kwa sauti, hakujali nani anamsikia. Kisha akamwambia Mwalimu kwamba aliyeliweka ni yeye, na kwamba huko juu hapakuwa na hatari yoyote. Mwalimu aliegemea bega la baba wakaanza kurudi, na Silantoi akambeba Aika mgongoni mpaka nyumbani.

Wote walikaa jikoni, loshoro ikitoa mvuke, na Silantoi akaambiwa aseme kila kitu toka mwanzo. Alisema. Alieleza habari ya uzio wa kina Simaloi, mawe matatu ya babu, na jina la baba kwenye karatasi. Abdiel aliitoa karatasi hiyo mkobani, akampa aisome mwenyewe kwa sauti. Iliandikwa kwamba wageni hawatakata mti, hawatampiga mtu picha bila kumuomba, hawatakanyaga penye kaburi, na kwamba ardhi ni ya ukoo na itabaki hivyo. Silantoi aliposoma neno kaburi sauti ilimkatika.

Baba alijikuna shingo. Alikiri kwamba aliwaeleza wazee wote wa kijiji, lakini hakumweleza hata mtoto mmoja, na watoto ndio wanaoutembea mteremko ule kila siku. Abdiel naye alisema angejua habari ya kina Simaloi asingegusa utepe mwekundu.

"Hayo ni kweli, na wakubwa wako wamekiri sehemu yao," Mwalimu akasema, mguu wake ukiwa juu ya kigoda. "Sasa sikiliza sehemu yako, Silantoi. Kushuku si kosa. Ulikuwa na sababu, na ardhi ya babu yako inastahili kulindwa. Ulimuuliza Abdiel, ukafanya vizuri. Jibu halikukutosha. Hapo ungemuuliza baba, na Koko, na mwenyekiti wa kijiji, mpaka upate jibu linalotosha. Wewe uliacha kuuliza ukaanza kuhukumu. Kisha ukasema uongo, na ukausema kwa tawi, kitu ambacho watu wanakiamini bila hata kumwona aliyekisema. Nilikuamini wewe kabla sijakujua. Mjukuu wangu nusura alipe gharama yake."

Kisha akaongeza, "Na ulipoona hatari, ulisema ukweli mbele ya watu wote, ukijua utaaibika. Bila huo ukweli tungekuwa bado tuko kule. Kumbuka yote mawili."

Silantoi alisimama. Alienda mbele ya Mwalimu akainamisha kichwa, kama alivyopaswa kufanya asubuhi. Alisubiri. Aliona vidole vya miguu yake, aliona jivu sakafuni, akafikiri kwamba pengine mkono hautakuja. Kisha ukaja, mzito na wa joto, ukatulia utosini.

Aligeuka akamwinamia Abdiel. Kijana wa Sakina hakujua afanye nini na mikono yake. Koko alimpa ishara kwa kidevu, naye akamgusa Silantoi kichwani kwa tahadhari, kama mtu anayejaribu pasi kama imepata moto. Kina mama wakacheka, na Silantoi mwenyewe akacheka huku pua ikimvuja.

Jioni ukungu ulipoinuka, Koko alimwambia achukue zile tepe na wafuatane. Walienda wawili, na Aika akawafuata akichechemea na kandambili za kuazima. Penye njia panda Koko alisimama mbali kidogo, akakataa kusaidia.

"Aliyeliweka ndiye huliondoa," akasema.

Silantoi aliinama akalishika tawi. Majani yalikuwa yameanza kunyauka. Aliliburuta mpaka kwenye njia ya kushoto, ile ya korongoni, akalilaza pale. Koko alilitazama muda mrefu, kisha akaitikia kwa kichwa. Kwa mtu kama Koko, hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Walipanda mpaka juu, waanze kuzifunga tepe tena kutokea huko. Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Monduli na tambarare yote ilikuwa imegeuka rangi ya asali, vumbi la ng'ombe likitembea polepole mbali huko. Aika alisimama. Silantoi alisimama kando yake, akiwa na tepe kumi na sita mkononi, na kwa mara ya kwanza akatazama.